Rumuruti: Mji wa ng'ombe kwenye mpaka wa mahindi na nyasi

Rumuruti ni mji mdogo katika Kaunti ya Laikipia, yapata kilomita 40 kaskazini mwa Nyahururu, kando ya barabara kuu iendayo Maralal. Ndio makao makuu ya kaunti hiyo, ingawa Nanyuki na Nyahururu zinaupita mbali kwa ukubwa na kwa biashara. Ikweta iko kusini mwake kwa mwendo mfupi wa gari, lakini asubuhi zake ni za baridi, kwa kuwa mji wenyewe umekaa kwenye uwanda ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari.

Msafiri atokaye Nyahururu huteremka bila ya kutambua. Nyahururu imepita mita 2,300, na mvua yake inatosha mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Katika kilomita hizo 40 ardhi hushuka kwa takriban mita 500, na mvua nayo hupungua. Mashamba yaliyobanana huachana, migunga huanza kujitokeza, na kufikia Rumuruti jembe limekwisha kuwa na mashaka. Kuvuka mji kuelekea kaskazini ni kuingia katika nchi ya malisho, ambako mvua ya mwaka mzima aghalabu huwa kati ya milimita 400 na 700, tena hainyeshi kwa kuaminika.

Mambo mengi yaliyoufika mji huu yanaeleweka mtu akikumbuka kwamba umekaa juu ya mstari huo. Upande mmoja kuna watu wanaohesabu ekari, upande wa pili wanaohesabu mifugo, na kati yao pana makaratasi ya ardhi ambayo karibu yote yalitiwa sahihi mahali pengine.

Kuhusu jina, baadhi ya wenyeji husimulia kuwa lilitokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya njia ya mbali, yakageuzwa na ndimi za wafugaji hadi yakawa Rumuruti. Hadithi za namna hiyo husimuliwa kuhusu miji mingi ya Kenya, na busara ni kuisikiliza bila ya kuiegemea.

Jina hilo, hata hivyo, limefika mbali kuliko mji wenyewe. Usiku wa Januari 28, 1934, kimondo kilianguka karibu na Rumuruti. Kipande chake kimoja, chenye uzani wa gramu 67 tu, kilihifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, Ujerumani. Katika miaka ya 1990 wanasayansi walitambua kwamba kilikuwa cha aina ya pekee, wakaiita aina hiyo kwa jina la Rumuruti. Tangu hapo mawe kadhaa ya kundi hilo yamepatikana katika majangwa ya dunia. Hivyo basi, kuna wasomi wanaolitaja jina la mji huu kila siku bila ya kujua kwamba una soko la mbuzi.

Mto na udongo

Uwanda wa Laikipia ni mawe ya volkeno yaliyomwagika zamani na kupoa, yakaacha nchi tambarare yenye vilima vichache. Juu ya mawe hayo, sehemu nyingi zina udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa pana, na wakati wa mvua hugeuka kuwa utelezi unaonasa magari. Unastawisha nyasi nzuri, lakini mkulima asiye na maji ya kunyunyizia huvuna kwa bahati.

Uhai wa mji ni mto Ewaso Narok, jina ambalo kwa Kimaasai lina maana ya mto mweusi. Maji yake hutoka milima ya Nyandarua, huporomoka kwenye maporomoko ya Thomson mjini Nyahururu kwa kina cha mita zaidi ya 70, kisha hushuka taratibu hadi Rumuruti. Karibu na mji mto huo hutanuka na kuwa kinamasi kirefu cha mafunjo. Baada ya hapo huendelea kaskazini na kujiunga na Ewaso Nyiro, unaopita Samburu na Isiolo na hatimaye kuishia katika kinamasi cha Lorian.

Kinamasi cha Ewaso Narok kina thamani inayopita ukubwa wake. Zamani kilikuwa akiba ya wafugaji, mahali pa kukimbilia nyasi zinapokauka kote. Katika miongo ya karibuni sehemu kubwa ya kingo zake imelimwa nyanya, vitunguu, kabeji na mahindi, na pampu za maji zimekuwa kitu cha kawaida. Mkulima ana haki ya kusema kwamba hapo ndipo mahali pekee anapoweza kuvuna kwa uhakika. Mfugaji naye akifika na mifugo yake katika mwezi wa ukame, hukuta ua mahali ambapo baba yake alinyweshea ng'ombe. Wote wawili wanategemea maji ambayo tayari yamepungua, kwa sababu upande wa juu, kuanzia Nyandarua, wako wengine wanaoyachota.

Magharibi na kusini-magharibi mwa mji kuna mabaki ya misitu ya mitarakwa na mizeituni mwitu, ukiwemo Msitu wa Rumuruti, ambao kwa miaka mingi umeliwa na wachoma makaa na wavamizi. Misitu hiyo na vichaka vilivyouzunguka ni njia ya ndovu. Ili kuwazuia wasiingie mashambani, ua wa umeme wenye urefu wa kilomita zipatazo 160 ulijengwa magharibi mwa Laikipia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000. Ndovu, hata hivyo, ni wanafunzi wepesi. Baadhi yao wamejifunza kuvunja nguzo kwa pembe, ambazo hazipitishi umeme.

Kabla ya mkataba

Laikipia ilipewa jina na Wamaasai wa Laikipiak, walioutawala uwanda huo hadi miaka ya 1870, waliposhindwa na kutawanywa na Wamaasai wenzao katika vita vikali vya malisho. Waliosalia walimezwa na jamii jirani, wakiwemo Wasamburu, na jina likabaki juu ya nchi.

Misafara ya biashara kutoka pwani iliyajua maeneo hayo kabla ya Mzungu yeyote kuyachora kwenye ramani. Mskoti Joseph Thomson alipoivuka Laikipia mwaka wa 1883 akielekea Baringo, alikuwa ameandamana na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani. Kimemeta ndiye pia aliyemsaidia Count Teleki wa Hungaria miaka minne baadaye. Vitabu vya Ulaya vilimpa Thomson sifa na maporomoko; Kimemeta aliambulia kutajwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Wamaasai, ikafuatwa na ndui na njaa. Waingereza walipowasili na reli yao walikuta nchi yenye watu wachache wanaojaribu kujenga upya makundi yao, wakaandika kwamba ardhi ilikuwa tupu. Kosa hilo la kuitazama nchi iliyougua na kuiita nchi isiyo na mwenyewe ndilo lililozaa mji wa Rumuruti.

Ahadi ya milele

Mwezi wa Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart alitia sahihi mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Laibon Olonana. Wamaasai walikubali kuondoka katika Bonde la Ufa, penye reli na malisho bora, ili walowezi wapate nafasi. Badala yake walitengewa maeneo mawili: moja la kusini na jingine Laikipia. Mkataba uliahidi kwamba haki hizo zingedumu kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwepo duniani. Haukutaja miaka.

Rumuruti ilianza katika kipindi hicho, ikiwa kituo cha serikali cha kuwasimamia Wamaasai wa eneo la kaskazini. Boma hilo liliwekwa kulinda mipaka iliyoahidiwa.

Ahadi hiyo ya milele ilidumu kwa miaka saba. Walowezi walikuwa wameonja nyasi za Laikipia kwa macho na wakaanza kuzidai. Olonana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata mkataba wa pili ulitiwa sahihi chini ya Gavana Percy Girouard, ukiwataka Wamaasai wa Laikipia wahamie kusini. Kiongozi wao, Parsaloi ole Gilisho, ambaye Waingereza walimwita Legalishu, aliridhia kwa shingo upande kisha akageuka na kuwa mpinzani mkuu. Jaribio la kwanza la kuwahamisha mwaka wa 1911 lilivunjika njiani, kwa kuwa mifugo ilisongamana katika baridi na mvua. Mwaka uliofuata uhamisho ulianza tena, na kufikia 1913 ulikuwa umekamilika.

Wamaasai walikwenda mahakamani. Kesi ya Ol le Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyosikilizwa mwaka wa 1913, husomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo. Mahakama Kuu iliitupa, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo mwezi wa Desemba. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya ajabu: kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Uingereza, mikataba yao ilikuwa mikataba baina ya mataifa mawili, na kwa hivyo mahakama za taifa moja hazikuwa na uwezo wa kuiamua. Watu walionyang'anywa ardhi kwa kuwa dhaifu walinyimwa haki kwa kuhesabiwa kuwa taifa huru.

Ni sehemu ndogo tu ya Laikipia, upande wa kaskazini-mashariki huko Mukogodo, iliyobaki mikononi mwa wafugaji wanaozungumza Kimaa.

Ranchi na Boran

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mpango wa mwaka wa 1919 wa kuwapa ardhi wanajeshi waliostaafu uliwaleta Waingereza wengi Laikipia. Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa imerefusha muda wa hati za kukodi kutoka miaka 99 iliyotolewa na sheria ya 1902 hadi miaka 999. Tofauti hiyo ya tarakimu moja itarudi baadaye katika habari hii.

Wengi wa wageni hao waligundua upesi kwamba uwanda huu haukuwa Uingereza. Ekari mia moja zilizomtosha mtu Nyandarua hazikufaa kitu Rumuruti. Waliodumu ni wale waliopata maelfu ya ekari na kufuga ng'ombe wa nyama. Reli iliyotoka Gilgil ilifika Thomson's Falls mwaka wa 1929, ikaishia hapo. Rumuruti haikupata garimoshi, na mifugo yake iliendelea kuswagwa kwa miguu hadi kwenye stesheni.

Mafanikio ya kweli ya ranchi hizo yalitoka kwa ng'ombe wa Kiafrika. Walowezi walianza kwa kuleta mafahali wa Ulaya, ambao hawakuvumilia jua, kupe na magonjwa. Ng'ombe aliyeshinda ni Boran, mwenye nundu na ngozi iliyolegea, anayetembea mbali kutafuta maji na kunenepa kwa nyasi kavu. Asili yake ni kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na wafanyabiashara wa Kisomali ndio walioleta makundi mengi hadi Laikipia. Kwa kuchagua mafahali kizazi baada ya kizazi, wafugaji wa Laikipia walimfanya kuwa ng'ombe wa nyama anayejulikana Afrika nzima. Ranchi ya serikali ya Mutara, iliyo chini ya Shirika la Ustawishaji Kilimo (ADC) mashariki mwa Rumuruti, imekuwa mojawapo ya vituo vya kumhifadhi na kumzalisha.

Wasomali hao hao walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa mwanzo mjini. Waturkana walikuja kuchunga na kufanya kazi za ranchi, na Wakikuyu waliletwa wakiwa vibarua na maskwota kabla ya wengi wao kufukuzwa Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952. Kaskazini, karantini za mifugo ziliwazuia Wasamburu kuuza ng'ombe wao kwa uhuru katika sehemu kubwa ya enzi za ukoloni. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa, hasa homa ya mapafu. Magonjwa yalikuwepo kweli, lakini karantini pia iliwaondolea walowezi washindani sokoni.

Ekari mbili zisizo na maji

Uhuru ulipofika, mipango mikubwa ya serikali ya kuwagawia watu ardhi ililenga zaidi maeneo yenye mvua. Laikipia kavu iliachiwa soko. Katika miaka ya 1960 na 1970 baadhi ya walowezi waliuza ranchi zao kwa kampuni na vyama vya ushirika, ambavyo wanachama wake, wengi wakiwa maskini kutoka Mkoa wa Kati, walichangishana pesa kidogo kidogo. Ranchi ziligawanywa vipande vya ekari mbili, tatu au tano. Kwa njia hiyo zilizaliwa sehemu kama Sipili, Kinamba na Ol Moran, magharibi na kaskazini-magharibi mwa Rumuruti.

Palipokuwa na mvua, makazi hayo yalistawi. Palipokosekana, wenye hati walifika, wakaiona ardhi, wakarudi walikotoka na hati zao mfukoni. Nyasi zilibaki, na wafugaji wa Kisamburu, Kipokot na Kiturkana wakazilisha kwa miaka mingi bila ya kuulizwa. Watoto wao walizaliwa hapo. Ndiyo maana leo kuna ardhi yenye wenyewe wawili: mmoja ana karatasi na hajawahi kulala hapo, mwingine amezika wazazi wake hapo na hana karatasi.

Ranchi kubwa nazo hazikutoweka. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba zinashika takriban asilimia 40 ya ardhi ya Laikipia, kaunti yenye ukubwa wa kilomita mraba 9,500 hivi. Wamiliki wake ni Wakenya wa rangi mbalimbali, wageni, mashirika ya uhifadhi na serikali. Nyingi zimechanganya ng'ombe na utalii wa wanyamapori. Miongoni mwa wanasiasa wa eneo hilo, aliyejulikana zaidi ni marehemu G.G. Kariuki, aliyekuwa mbunge wa Laikipia Magharibi, waziri katika serikali ya Rais Moi na baadaye seneta wa kwanza wa kaunti hadi kifo chake mwaka wa 2017.

Mwaka wa 2004, karne moja baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana na baadhi yao wakaingiza mifugo ranchini, wakisema muda wa kukodi umekwisha. Polisi waliwatawanya na mtu mmoja akauawa. Waziri wa Ardhi wa wakati huo, Amos Kimunya, alijibu kwamba hati za walowezi zilikuwa za miaka 999, si 99. Kwa mujibu wa makaratasi alisema kweli. Lakini waandamanaji walikuwa wakidai kitu ambacho hakikuwa na tarakimu kabisa, kwa kuwa mkataba wa 1904 haukuwa wa kukodi bali wa kudumu.

Katiba ya 2010 ilibadilisha hesabu. Hati zote za zaidi ya miaka 99 zilizokuwa mikononi mwa wasio raia ziligeuzwa kuwa za miaka 99, kuanzia Agosti 27, 2010. Walio raia wa Kenya hawakuguswa na kifungu hicho, na wenye ranchi wengi ni raia.

Bunduki na ofisi

Ukame umekuwa ukiliamsha suala la ardhi kila mara. Mwezi wa Januari 1998, baada tu ya uchaguzi mkuu, wavamizi waliwaua watu na kuteketeza nyumba Ol Moran. Mwaka wa 2017, penye ukame na siasa za uchaguzi kwa pamoja, maelfu ya ng'ombe waliingizwa ranchini na wafugaji wenye silaha. Tristan Voorspuy, mmoja wa wamiliki wa ranchi ya Sosian kaskazini mwa Rumuruti, aliuawa kwa risasi Machi mwaka huo alipokwenda kukagua nyumba zilizochomwa. Mwezi uliofuata mwandishi Kuki Gallmann alijeruhiwa vibaya katika hifadhi yake. Mwaka wa 2021 mapigano yalirejea Ol Moran, familia zikahama, shule zikafungwa, na serikali ikatangaza kafyu na kuunda kaunti ndogo mpya ya Kirima ili kuwaleta maafisa karibu. Laikipia ilikuwa pia kati ya kaunti sita zilizopelekewa wanajeshi katika oparesheni ya Februari 2023 dhidi ya majangili.

Katika visa hivyo vya ranchini, waliotajwa kwa majina magazetini ni wachache. Waliopoteza zaidi ni wakulima wa ekari mbili na wachungaji vijana, ambao vifo vyao kwa kawaida huandikwa kwa idadi.

Rumuruti yenyewe imekuwa kimbilio la waliohama na kambi ya askari waliotumwa. Wakati huo huo ugatuzi umeiletea sura mpya. Imepewa hadhi ya manispaa, na baada ya miaka mingi ya shughuli za kaunti kuendeshwa Nanyuki, ofisi zimekuwa zikielekezwa huko. Kwa mkazi wa Ol Moran au Sipili hilo si jambo dogo, kwani safari ya Nanyuki na kurudi ilikuwa ikimmalizia siku nzima na nauli nyingi.

Siku ya soko la mifugo, hata hivyo, ndiyo bado siku kuu ya mji. Wasamburu hufika na mbuzi na ng'ombe kutoka kaskazini, mabroka hupatana bei kwa vidole chini ya shuka, wachuuzi wa nyanya kutoka kinamasini hutandaza bidhaa zao, na malori hupakia kuelekea Nairobi. Bei hupanda mvua inaponyesha, kwa kuwa hakuna anayeharakisha kuuza. Nyasi zikikauka huanguka, na ng'ombe aliyekataliwa mwezi uliopita kwa kuwa ghali huuzwa kwa chochote kabla hajafia njiani kuelekea mtoni.